Safari Isiyokuwa na Mwenyeji

Mume wangu alizaliwa Tabora, nchi tambarare, akaja milimani kuchuma chai akiwa kijana. Tulipooana tukaishi kwetu, Kwai. Kila asubuhi alisimama mlangoni kutazama ukungu unavyopanda kutoka bondeni, mpaka chai inampolea mkononi.

Jumapili moja, siku ambayo hatukwenda shamba la ujamaa, akaniambia, "Vaa viatu. Twende msituni Magamba."

"Kuni zipo," nikamjibu.

"Si kuni. Tukatazame tu."

Nikacheka. Msitu ule niliujua tangu utoto, lakini niliujua kwa kuinama: kuokota kuni, kuchuma mboga, kuikimbia mvua. Hata hivyo nikafunga viazi vitamu vya kuchemsha na matunda damu kwenye kanga, tukatoka.

Njiani tukakutana na shangazi yangu akitoka bustanini. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Mnakwenda msibani?"

"Hapana, shangazi. Tunakwenda kutembea."

"Kumtembelea nani?"

"Hatumtembelei mtu," mume wangu akasema. "Tunakwenda kuangalia miti."

Shangazi akanivuta kando, akaniuliza kwa Kishambaa kama mume wangu ni mzima. Nikamwambia ni mzima, ndivyo alivyo. Akafikiri kidogo, kisha akatupatia kabichi kubwa. "Hamwezi kwenda mikono mitupu. Mtakayemkuta mpeni."

Basi mume wangu akaingia msituni na kabichi kwapani, mpaka tulipowakuta wapasuaji mbao wakipika, tukawapa. Walishukuru sana. Nao wakauliza nani amefariki.

Mbele kidogo mume wangu akanishika mkono. Juu yetu walikuwa mbega, weusi, manyoya meupe yakining'inia mabegani. Nilikuwa nimezoea kuwasikia, sikuwahi kusimama kuwatazama. Mmoja alikumbatia kitoto cheupe pepe.

"Wanazaliwa hivyo?" akaninong'oneza.

Nilikuwa mwenyeji, na sikujua. Tukakaa pale mpaka shingo zikatuuma.

Tulipofika ukingoni mwa mlima hapakuonekana kitu, ukungu mtupu. Tukaketi tukala. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Haikuwa na mzigo wala jembe, nikaiacha mapajani. Taratibu ukungu ukapasuka, na chini kabisa ikatokea nyika, kahawia, pana, isiyo na mwisho.

"Nilishuka garimoshi kule Mombo," akasema. "Nikatazama juu. Nikadhani huku ni mawingu tu, hakuna watu."

"Tulikuwepo."

"Naona," akasema, akanimegea kiazi.

Wakati wa kurudi, mimi ndiye niliyetaka tupite njia ndefu, ya kando ya kijito. Tulifika nyumbani jua likizama, miguu imevimba, tukalala mapema kama watoto. Mwezi uliofuata nikamuuliza kama tungeweza kufika kijiji cha Malindi, huku huku milimani, kwa miguu. Alikwenda kutafuta viatu vyake kabla sijamaliza kusema.