Kipofu Anayekufa Sura ya Tisa

Saa tatu asubuhi, katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha vitabu, vidole vya Nukta vinateleza juu ya karatasi nene. Anasoma kwa sauti, neno kwa neno, huku mwenzake, mama mwenye macho yake mawili mazima, akifuatilia kwenye nakala ya kawaida. Palipo na kosa, mama hugonga meza.

Meza haijagongwa, lakini Nukta amenyamaza.

"Umepotea mstari?" mwenzake anamuuliza.

"Sijapotea. Ameshakufa."

Aliyekufa ni mpiga kinanda kipofu, mhusika wa riwaya itakayopelekwa shule ya wasioona. Ametumbukia kisimani ili kijana shujaa alie na kupata akili.

Nukta, mwenye miaka arobaini na tisa, alipofushwa na surua akiwa na miaka sita. Kwa miaka kumi na saba amesahihisha breli, maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, ndipo jina hilo likamganda. Katika hadithi zote zilizopita mikononi mwake, anakumbuka vipofu kumi na mmoja.

"Wanne walikufa, watano wakaponywa kwa miujiza, wawili walikuwa ombaomba," anasema. "Hakuna hata mmoja aliyechelewa kazini."

Alipokuwa mtoto wa bweni alisoma hadithi ya namna hiyo, akakaa wiki nzima akiogopa kwenda bombani peke yake. Alidhani kitabu kimemtabiria. Sasa nakala sitini zingefika kwa watoto wa umri ule ule, na yeye ndiye wa kuziruhusu.

Kazi yake ni herufi, si hadithi. Ndivyo mkataba unavyosema, nao unaisha mwezi huu. Kwa siku tatu baada ya asubuhi ile chakula hakikupita kooni. Mkewe akamwambia achague moja, aseme au ale.

Akasema. Meneja akampigia mwandishi simu papo hapo. Mwandishi hakukasirika. Aliuliza tu: kama hafi, basi afanye nini?

"Afike nyumbani," alimjibu. "Agombane na mkewe kuhusu chumvi. Kesho arudi kwenye kinanda, akosee, achekwe kama mtu yeyote."

Mwandishi akasema kitabu hicho kimeshatoka kwa chapa ya kawaida, hawezi kukigeuza, ila muswada ujao angependa Nukta ausome kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo mpiga kinanda atakufa, mara sitini. Nukta mwenyewe aliidhinisha ukurasa ule. Kuhusu mkataba, mpaka sasa hajaitwa, na kila mlango wa ofisi ukifunguliwa hutega sikio.

Ameomba jambo moja, likakubaliwa: Jumatatu apeleke vitabu shuleni mwenyewe, akae na watoto watakapofika sura ya tisa.

"Wakiniuliza kwa nini alikufa, nitawaambia aliyeandika hakuwa na kipofu wa kumuuliza," anasema. "Halafu nitawauliza, wao wangempeleka wapi?"

Ameshawaandalia karatasi nene mia mbili, wapate pa kuandika majibu.