Mdomo wa Rangi Mbili

Januarius wa Kasoli alizaliwa mdomo kwanza; kichwa kilifika baadaye, kitupu. Aliwahi kubishana na kuku kuhusu yai, kuku akaona aibu akahama mji. Mkewe, Sayi, alimvumilia kama mtu anavyovumilia kiatu chenye msumari: hana kingine.

Mwaka huo mbegu za pamba zilikuwa mfuko mmoja, na wa pili haukuwepo. Kwa kina Sayi, mbegu haigusi udongo mpaka mdiria wa porini, ndege wa mvua, arudi na kuimba. Huyo mtoni hana shughuli, samaki hawajui. Yeye ni wa panzi. Mgongo buluu ya kung'aa, tumbo jeupe, na mdomo mkubwa wa rangi mbili: juu mwekundu, chini mweusi kama mkaa. Akiimba hupiga mlio mmoja mkali, kisha sauti inatetemeka ikishuka, kama kengele ya ndama anayekimbia mteremko.

Asubuhi moja Januarius akaingia uani anahema.

"Mama Shida, toa mbegu. Ndege kafika."

"Mdomo wake?"

"Mwekundu."

"Juu na chini?"

"Mdomo ni mdomo. Unamkagua kama unamwoza binti?"

"Na tumbo?"

"La kahawia. Kashiba."

Sayi akaenda kwenye uzio wa minyaa kuhakikisha. Kichwa kijivu, tumbo rangi ya chungu, mdomo mwekundu wote.

"Siye huyu, baba Shida. Huyu ni ndugu yake tu."

Lakini Januarius alikwisha kuwatangazia majirani kwamba atakuwa wa kwanza kupanda, na maneno yake hayajawahi kurudi nyumbani. Sayi alimwaga nusu ya mbegu kwenye debe, akalificha chini ya mahindi, akampa iliyobaki.

Januarius akapanda. Jua likaikaanga mbegu ardhini. Mijusi walivuka shamba lile kwa zamu za miguu, mmoja chini, mitatu juu ikipoa.

Wiki ya tatu, wingu likatanda. Kwenye tawi kavu la mgunga kengele ya ndama ikateremka. Sayi akamvuta mumewe shati.

"Haya, tazama mdomo."

Akautazama sana. Juu mwekundu, chini mweusi.

"Huyu kachelewa," akasema.

Sayi akalitoa debe, akamtupia jembe miguuni.

Jioni Mwandu, jirani yao, alipita akauliza mbegu zimetoka wapi. Januarius akaegemea mpini.

"Nilijua," akasema. "Nusu niliificha mimi."

Sayi alifukia shimo lake, akahamia jingine.