Marakuja ya Kando ya Choo

Mwanangu, naikumbuka vizuri asubuhi ile niliyofika Lubudi kwa Mama Ngoie, kisu mkononi, kumwomba matawi ya marakuja yake, yaani pasheni. Mama huyo alikuwa mjane, akikaa nyuma ya stesheni ya treni, na mmea wake ulikuwa umefunika ua mzima. Matunda yalikuwa ya manjano, yakijaa kiganja, matamu kuliko yote niliyowahi kuonja. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilikuwa nimechoka kuchimba madini.

Mdogo wangu Ilunga nilikuwa nimemtoa shimoni wiki ile ile. Tulichimba pamoja miaka miwili kule Mutoshi, karibu na Kolwezi, mimi juu nikishika kamba, yeye chini, kwa sababu mabega yake yalikuwa membamba. Marehemu baba alikuwa ametuachia shamba kando ya njia ya Lubudi. Nikamwambia Ilunga: toka, tukapande, nipe msimu mmoja tu. Alitoka. Wanaotoka shimoni kwa ajili ya neno la mtu si wengi, na mimi wakati ule sikujua nimebebeshwa nini.

Mama Ngoie alinitazama nikikata. Kisha akanyoosha kidole kuelekea choo, ambako mmea mwingine, mwembamba, ulijiviringisha juu ya mabati.

"Kata na ile ya ku choo."

Nilicheka. Nilishaonja matunda yake, madogo na machungu. "Mama, ile inakunja kinywa! Mi nataka tamu tu."

"Mutoto yangu, ngoja nikuelezee..."

Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu. Niliisikia sauti yake nyuma yangu na sikugeuka. Tangu siku hiyo nimetembea sana, Likasi, Kalemie, mpaka ng'ambo ya Zambia, maana miguu yangu haijui kukaa. Lakini katika vyote nilivyoviacha nyuma, maneno yale ambayo mama hakuyamaliza ndiyo ninayoyarudia mara nyingi zaidi.

Tulipanda. Ilunga alichimba mashimo ya nguzo akicheka: "Yaya, shimo gani hizi? Humu hata mama angeniona kichwa!" Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu huku. Sijamsikia akicheka vile tena.

Mimea ilipanda waya, na mvua ziliporudi ikatoa maua. Mwanangu, maua yale! Meupe, yenye taji la zambarau, yakifunguka saa sita mchana kwa mamia, mpaka wapita njia walisimama. Kesho yake yalikuwa chini. Yakafunguka mengine, nayo yakaanguka. Hakuna hata tunda moja. Niliongeza samadi. Niliulaumu udongo. Nikawalaumu nyuki wakubwa weusi waliokuwa wakitoboa nguzo zangu, nikaziba matundu yao kwa matope. Ilunga alikuwa akiyasogeza maua makavu kwa mguu.

Jumatatu moja alichukua tochi yake ya kichwani.

"Msimu imeisha, yaya."

"Ngoja kidogo."

"Mi nilingoja."

Akapanda lori la kwenda Kolwezi.

Ndipo nikaenda kwa Mama Ngoie, nikiwa na hasira, nikamwambia amenipa mmea tasa. Alichuma maua kwenye ule mmea wa kando ya choo, akayaweka kwenye sahani ya bati, akayafunika kwa jani, tukaenda shambani.

"Ulipanda ngapi?"

"Mia mbili, mama."

"Hapana. Ulipanda moja. Yote ulikata ku mumea mama moja, ndo yeye mwenyewe amejirudia mara mia mbili. Na ua yake inakataa vumbi yake mwenyewe. Kwangu inazaa sababu ya ile uliyocheka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Niliambia mugongo yako."

Alichukua ua moja la sahani, akalipaka vumbi lake la manjano katikati ya ua langu, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta. Akafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Alifanya hivyo kwa maua kumi na mawili. Alipoyaona matope yangu kwenye nguzo akatikisa kichwa. "Na ule mwenye kubeba vumbi, wewe umemufungia mulango!"

Wiki ilipopita, maua mengine yote yalikuwa chini. Penye uzi mwekundu palikuwa na matunda ya kijani, madogo kama shanga.

Yalipofika ukubwa wa yai nilichuma moja, nikalipeleka Mutoshi. Wachimbaji waliponiona walipiga kelele kunitania kama bosi: "Patron ya marakuja amefika!" Ilunga akapanda kutoka chini, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Akaligeuza tunda mkononi.

"Inazaa?"

"Inazaa. Kosa lilikuwa langu. Rudi."

Aliwatazama vijana wawili walioshika kamba yake. "Nimeshapa bale wawili neno yangu, yaya. Na mi niko na neno yao." Akalitia tunda mfukoni, akashuka.

Nilipanda matawi ya kando ya choo, safu moja kwa kila safu tatu, nikafungua matundu ya nyuki, na shamba lile likazaa miaka mingi. Ilunga hakurudi kulilima. Bado anachimba, kifua chake kimekuwa kizito. Akija Jumapili nampa tunda tamu, analiweka kando, anaomba lile chungu.

Basi, mwanangu, sikia. Ukichagua miche, iwe ya marakuja au ya tunda jipya uliloliona kwenye simu yako, usichukue ile moja iliyokupendeza tu. Uliza inazaa ikiwa na nani karibu. Chukua aina mbili, zinazotoa maua wakati mmoja, zipande jirani, hata kama moja haina sura. Mwachie nyuki nguzo yake. Na kabla hujamwahidi mtu msimu, msikilize mwenye mmea mpaka amalize.

Mungu akupe watu wa kukuita ukiwa umeshaondoka, na akupe shingo ya kugeuka. Shamba lako lizae wakati yule unayemngojea bado yuko karibu nawe.