Kadi Yenye Jina Langu

Mwenye yadi ya magari pale Masuguru aliizunguka pikapu yangu mara mbili, akapiga teke gurudumu la nyuma, akasema, "Mama, hili kopo niachie, uongeze hela kidogo, uondoke na gari dogo. Jina kwenye kadi tunabadilisha leo leo." Bei aliyoitaja ilikuwa ya matusi, lakini kilichonikera zaidi ni hilo neno kopo. Gari lililonisomeshea watoto watatu! Nilimnyang'anya funguo nikarudi zangu Handeni, nikimsema peke yangu njia nzima. Hasira hasara, nilifundishwa hivyo tangu utotoni, na mpaka leo somo halijaniingia.

Nikaamua kuachana na yadi, nimtafute mnunuzi mwenyewe. Wiki haikuisha, akaja mkwe wangu, baba wa kijana aliyemuoa binti yangu. Ni mkulima wa Kwashemshi, na kila msimu alikuwa anahangaika kutafuta gari la kushushia ndizi zake. Hakuomba nipunguze hata kidogo, akalipa zote. Nilipomkabidhi kadi ya gari, nikamwambia twende tukabadilishe jina. Akacheka.

"Mkwe, haraka ya nini? Nikimaliza kuvuna nitashuka, tutakwenda wote."

Hapo ndipo nilipopaswa kukaza. Mimi, ninayegombana na makonda kwa shilingi mia, nikajibu, "Haya mkwe, hakuna neno." Kwetu mkwe hadaiwi karatasi. Ukimpeleka kwa mwanasheria, maneno yatamfikia binti yako kabla hujarudi nyumbani, na yeye ndiye atakayeishi nayo. Hata kaka yangu, nilipomgusia habari ya mkataba, alinishangaa: "Mkataba wa nini tena? Si mmeshaozana?"

Mavuno yakaisha, yakaja mengine. Kila nikimpigia mkwe, tunasalimiana, tunaulizana hali za wajukuu, nakata simu bila kutaja habari ya jina. Niliogopa. Gari lile lilikuwa linateremka milimani limejaa kupita kiasi, na likiua mtu, jina litakalosomwa polisi ni langu. Nikaanza kuingiza namba ya gari kwenye simu kila asubuhi, nione kama limeandikiwa faini. Chai inapoa mezani, mimi nachungulia makosa ya gari ambalo hata funguo zake sina.

Mchana mmoja mdogo wangu anayeishi Mombo akanipigia. "Dada, kuna pikapu nyeupe imegonga mtu hapa barabarani. Imebeba ndizi. Namba sijaiona, watu wamejaa."

Nikampigia mkwe: hapatikani. Nikarudia: hapatikani. Nilitoka na khanga za nyumbani, nikapanda gari la Korogwe, na Korogwe nikaunganisha la Mombo. Njia nzima nilikuwa najitungia maelezo ya kuwapa polisi, na kila nililotunga lilimchongea mkwe wangu. Kisha namwona akilini binti yangu karudishwa nyumbani na watoto wake, nayafuta, naanza upya. Aibu inanishika hata sasa ninapoandika: aliyegongwa sikumfikiria hata mara moja.

Pikapu ilikuwa imelala mtaroni, mikungu ya ndizi imetapakaa. Nilipenya katikati ya watu, kiwiko huku, kiwiko kule, mpaka nikaiona namba. Haikuwa ile. Nikaisoma tena, herufi moja moja, kwa sauti. Haikuwa ile!

"Alhamdulillah!" nilipiga kelele, mikono juu. "Alhamdulillah!"

Watu wakanigeukia. Karibu na miguu yangu alikuwa amekaa chini mama mmoja, ameshika kandambili moja ya kiume. Mtu aliyesimama nyuma yangu akaninong'oneza kwamba aliyegongwa ni mumewe, amekimbizwa hospitali sasa hivi, na hali aliyoondoka nayo si nzuri.

Yule mama aliinua uso akanitazama. Nilijiandaa kutukanwa, na ningestahili. Lakini yeye alikuwa amesikia mtu akimshukuru Mungu, akadhani nimetoka hospitali. Akanishika upindo wa khanga.

"Amepona, dada?"

Simu ikaanza kuita mkononi mwangu. Alikuwa mkwe. Niliiacha iite mpaka ikakatika, na yule mama bado ananitazama, anasubiri nimjibu.