Bani la Baba na Chupa za Hewa

Siku moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile baba alipozima moto wa bani huku tumbaku ikiwa bado imening'inia ndani. Wewe hukukulia kwenye tumbaku, kwa hiyo nikueleze taratibu. Bani ni nyumba ya kukaushia. Majani yanafungwa kwenye vijiti, yanatundikwa toka juu hadi chini, na chini yake unawekwa moto wa magogo, moto usiowaka kwa ndimi bali unaofuka tu, usiku na mchana, mpaka jani lishike rangi. Moto huo haulazwi. Ukizimika majani yakiwa hayajakauka, na mawingu yako chini kama yanavyokuwa kwetu Songea wakati wa mvua, jani linaota ukungu, na ukungu wa tumbaku hauna dawa.

Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale kijijini kwetu, nyuma ya vilima vya Matogoro. Na alijua jambo la pili: tumbaku ya mwaka ule ndiyo ilikuwa chuo changu. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda kusomea ualimu. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, mitumba imejaa soko la Majengo mjini mpaka barabarani, wanunuzi binafsi wa tumbaku wanakuja na magari yao wenyewe. Lakini kila kilichofunguliwa kilianza kudai cha kwake. Shule uchangie, hospitali uchangie. Bila tumbaku ile nisingevuka mlango wa chuo, na nyumbani kwetu hata mbuzi walikuwa wanajua hivyo.

Sasa huyu mtu wa chupa. Aliitwa Elisha, kijana wa Kanda ya Ziwa, mpole, miwani inamteleza puani kila akiinama. Alipanga chumba kwetu. Kazi yake ilikuwa kuchota hewa. Usicheke, sisi tulishacheka vya kutosha. Alikuwa anapanda kilimani na sanduku la chupa nene za kioo, anangoja upepo unaotoka upande wa bahari, anaukabili, anazuia pumzi yake isiingie, anafungua chupa, anaifunga, kisha sanduku linapelekwa kwenye basi, lianze safari mpaka ng'ambo, chupa zikapimwe. Watu wakasema ruksa imefika mwisho, sasa hata hewa inauzwa. Yeye akaeleza kwa subira kwamba moshi wa viwanda na magari wa nchi za ng'ambo ya bahari unabebwa na kaskazi, unavuka maji yote yale, na wao walitaka kujua unaofika kwetu ni kiasi gani. Wenzake walikuwa wanachota vivyo hivyo kwenye kisiwa katikati ya bahari.

Chupa za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeleta majibu mabaya. Zilikutwa chafu kupita walivyotarajia, na wakubwa wake wakaamua kwamba lazima kuna moto wa karibu unaoharibu kipimo. Elisha akatazama chini ya kilima. Akaona nini? Bani la baba, linafuka zake. Kijijini nako wakadakia: pafukapo moshi pana moto, mzee Kosmas anamharibia mgeni kazi. Methali ni nzuri, mwanangu, ila ile haikusema moto uko umbali gani.

Jioni moja Elisha akampigia baba shikamoo, akakaa, akaomba bani lizimwe mpaka apate upepo wa bahari. Mimi nilikuwa namenya mihogo pale pale. Nikamtazama kwa jicho ambalo, kama lingekuwa na meno, lingemng'ata.

Baba akamuuliza, "Na hao wa ng'ambo, wanajua kwamba moshi wao unanifikia mimi?"

"Hawajui, mzee. Na tukiwaambia leo, watasema ni wa kwenu."

Lazima ujue, kwetu mtu akitaka kuchoma shamba huzunguka kwanza kwa majirani kuwaarifu, na husafisha mipaka. Anayewasha bila kusema haheshimiwi, hata akiwa na mali kiasi gani. Baba alimtazama yule kijana, akatazama bani lake, akasema, "Basi wangu nitauzima. Usiwe ndio kisingizio chao."

Mama alilia. Alisema jani bado, alisema mtoto ana chuo, alisema maneno mengine ambayo sikupata kumsikia akiyasema tena. Baba akajibu tu kwamba ahadi ni deni, na kwamba upepo hautachelewa. Nimtendee haki Elisha, niseme: hakuwa anajua tumbaku. Alidhani moto wa bani ni kama wa jikoni, unazimwa asubuhi unawashwa jioni. Na baba hakumwambia. Ndivyo walivyokuwa wazee wetu, aibu ya kumkatalia mgeni iliwashinda hata njaa.

Upepo ukachelewa. Ulivuma upande huu, ukavuma upande ule, kisha manyunyu yakaanza. Kila asubuhi baba aliingia ndani ya bani, akashika majani, akatoka. Mimi nilisikia harufu kabla yeye hajakiri. Ni harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye maji, ukishaisikia kwenye bani hutaisahau.

Hatimaye upepo wa bahari ukaja. Baba akapanda kilimani pamoja na Elisha, nami nyuma yao kwa hasira tu, nikaone hicho ambacho kwa ajili yake chuo changu kimeuzwa. Hakuna moto mahali popote bondeni. Mbingu ina utando wa rangi ya majivu, mwembamba, na sisi hatujawasha kitu. Elisha akamwambia baba asimame nyuma yake na azuie pumzi. Kifua cha baba kilikuwa kimeshaliwa na miaka ya bani. Moshi wetu nao ulikuwepo, sikatai. Akajifunika mdomo kwa kofia, macho yanamtoka machozi, mishipa ya shingo imesimama, mpaka chupa ikafungwa. Ndipo akakohoa hadi akakaa chini.

Alirudi kuwasha moto, lakini alikuwa anawasha kwa ajili ya maiti. Siku chache baadaye tulishusha vijiti vyote. Jani limekuwa la kijivu, linakatika kama karatasi iliyolowa. Zamani ushirika ungeokota hata daraja la mwisho. Mnunuzi binafsi alilitazama kupitia dirisha la gari, hakushuka.

Mwanangu, nisikufiche nilichotaka kufanya. Elisha alikuwa amekwenda mjini kuulizia basi, na sanduku la chupa lilikuwa chumbani kwake, kwenye nyumba yetu wenyewe. Nilichukua kijinga cha moto kutoka jikoni, kinafuka vizuri, nikaingia. Niliwaza hivi: walitaka moshi, basi nitawajazia. Wapime huo. Nilikuwa nimeshashika kizibo cha chupa ya kwanza.

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Agatha," akasema, taratibu kabisa. "Tumbaku imeoza, nimeiona. Lakini imeoza ikanunua kitu, na kitu chenyewe kimo humo ndani. Ukifungua hiyo chupa, utakuwa umeniozeshea tumbaku mara mbili."

Nikaachia. Nilikaa chini pale pale nikalia kama mtoto mchanga, na kijinga akakichukua yeye, akakizima kwa maji ya mtungi. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mzee wa Kingoni akilifanya kwa binti yake: aliniomba radhi. Alisema, chuo chako nimekizima kwa mikono yangu, nisamehe. Sikumjibu siku ile. Hilo bado linaniuma, maana nilikuwa na la kumjibu.

Chupa zikaenda. Chuo kilifunguliwa bila mimi. Mwaka uliofuata Elisha akarudi na majibu, akakaa pale pale alipokaa jioni ile, mikono katikati ya magoti. Alisema zile chupa za siku bondeni hapakuwa na moto zilikuwa chafu sawasawa na za mwaka wa kwanza. Zilifanana na za kisiwani. Walikuwa wameifuata njia ya upepo ikirudi nyuma siku kwa siku, na ikawapeleka juu ya bahari mpaka upande wa pili. Kwa hiyo, akasema, haikuwa wewe mzee. Hata mwaka ule wa kwanza haikuwa wewe.

Nilitegemea baba angepiga kelele. Hakupiga. Aliuliza, "Wameambiwa?"

"Wameandikiwa, mzee."

"Wamesemaje?"

"Bado hawajajibu, mzee."

Baba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na kila kaskazi ilipoleta ule utando wa majivu alikuwa ananiuliza, hawajajibu bado? Nilikuwa nimeshaanza kuuza mitumba Majengo, nakuja nyumbani Jumapili baada ya misa. Namwambia bado, baba. Kifua kilimmaliza akiwa bado anauliza. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Sisi hatukula, mwanangu, nisikudanganye. Ila hakuna mtu tena, wa kijijini wala wa ng'ambo, aliyeweza kusema kwamba moshi ule ulikuwa wa mzee Kosmas. Nguo zangu za mtumba zimeoza, meza yangu imeoza, na hilo halijaoza.

Basi nikuachie ninachojua. Usimtwike jirani kosa kwa sababu tu yeye ndiye aliye karibu na jicho lako. Kuna moto unaowashwa mbali ukaja kukuliza wewe. Ukitaka kumwambia mwenzako kwamba moshi wako umenifikia, zima wa kwako kwanza, hata kama utakugharimu, na mimi naijua gharama yake. Na ukishaulipia ukweli, usije ukauharibu kwa hasira ya dakika moja. Mkono ukifika kwenye kizibo, ukabili upepo, zuia pumzi, ngoja. Na mzazi akikuomba radhi, mjibu siku hiyo hiyo.

Mungu akupe kifua kizima na pumzi ndefu. Akujalie majirani wanaopiga hodi kabla ya kuwasha. Na siku utakayozima moto wako kwa ajili ya kweli, asikuache na baridi.