Kuku Wawili wa Mama Adèle

Mama Adèle Kalumba ana miaka kumi na minne akiuza unga wa muhogo katika soko la Manika, mjini Kolwezi, na muda wote huo anauleta mwenyewe kutoka Kasaji kwa treni. Treni hiyo naijua, kwa sababu nami naipanda: nafundisha Kasaji, mke wangu yuko Kolwezi. Nasema wazi, naichukia. Ratiba yake imebandikwa ukutani stesheni, na hakuna anayeisoma isipokuwa wageni. Mama Adèle yeye huketi juu ya magunia yake akimenya karanga, na mtu akizidi kulalamika humwambia, "Tata, ile treni hapana mutoto yako. Hauwezi kuichapa."

Safari hii hata yeye hakutulia. Binti yake Marlène alikuwa amejifungua mapacha, Kyungu na Kabange, na Jumapili asubuhi watoto wangetolewa nje ya nyumba kwa mara ya kwanza. Kwao, nyanya mzaa mama ndiye anayewavusha kizingiti, na haji mikono mitupu: analeta kuku wawili wa rangi moja. Mapacha hawapewi kitu kimoja, hata kama ni ndizi. Sasa treni ya Alhamisi ilikuja Ijumaa saa sita mchana, tena ikiwa imeshajaa.

Tuliingia kwa kusukumana. Watu walikaa juu ya magunia ya makaa, juu ya magoti ya wenzao, wengine ndani ya choo. Nilipata kiti, nikakilinda kwa viwiko. Mama Adèle alisimama mbele yangu na kuku wake weupe, wamefungwa miguu. Mmoja akaninyea kiatu, na hasira zikanipanda.

"Mama, weka ile bakuku chini ya benchi! Hapa hapana nyumba ya kuku."

"Batakufa na joto, tata mwalimu."

"Weka chini!"

Akawaweka. Nami, ili nipate pa kunyooshea miguu, nikasukuma sanduku langu la vitabu huko huko chini.

Saa kumi treni ikasimama porini. Tulikuwa tumeshapita Mutshatsha. Mbele yetu treni ya mizigo ilikuwa imetoka relini, na kondakta akatuambia ni saa mbili tu. Tulingoja mpaka giza, tukasinzia vile vile tulivyokaa. Asubuhi akapita tena akasema saa mbili tu, kwa sauti ile ile. Ningemtupia kiatu, lakini mkono wangu haukuwa na pa kupita.

Mama Adèle akainama kuwapa kuku maji. Mmoja alikuwa amekufa, amebanwa na sanduku langu.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alimshika tu yule kuku, akamgeuza upande huu na upande ule.

"Mama, peleka moya," nikasema haraka. "Utabaelezea ni treni. Batasikia."

"Moya ya nani? Nikipa Kyungu, Kabange atakasirika, atarudia kule alitokaka. Nikipa Kabange, ni vile vile. Batoto beko na majuma tatu, mwalimu. Mutoto ya majuma tatu, nitamuelezea treni namna gani?"

Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani. Mimi ni mtu wa kanisa na mtu wa hesabu. Aliniangalia kama anavyomwangalia mteja anayedai kwamba unga wake una mchanga.

Upande wa pili wa reli, moshi wa kijiji ulikuwa unapanda. Alifungua kitenge chake cha juu, akakifunga kwenye ubao wa benchi, pale alipokuwa amesimama, maana katika treni ile kitenge kilichofungwa ni mtu: hata mlevi hakai hapo. Kisha akaniwekea mapajani kuku aliyebaki.

"Angalia ule. Naenda kutafuta mwenzake."

Akashukia dirishani, kwa kuwa mlango haukufikika.

Haikupita nusu saa, honi ikalia. Treni iliyotulaza porini haikungoja hata dakika mbili. Nilipiga kelele, "Simamisha! Kuko mutu inje!" Watu wakacheka, katika treni ile kila mtu hupiga kelele. Ndipo nikamwona akitoka kwenye majani marefu, anakimbia, kilemba kimemwanguka, kuku mweupe kifuani. Alikuwa hatua kumi kutoka kwetu, halafu ishirini.

Yeye alikuwa na mmoja, na mimi nilikuwa na mmoja. Sikufikiri. Nilimtoa kuku dirishani nikamrusha. Alipiga mabawa, akaangukia kokoto, na mara ya mwisho nilimwona Mama Adèle ameinama anamwokota. Sasa alikuwa na kuku wawili, na hakuwa na treni.

"Mwalimu, umetupa kuku ya mama ya batu!" akasema mtu mmoja. Nilikuwa naona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tulifika Kolwezi jioni. Sikwenda kwangu. Nilifungua kile kitenge, nikaenda Manika kwa Marlène. Mlangoni nikasita. Mapacha walikuwa ndani, na mkononi nilikuwa na kitu kimoja. Nikajiambia ni upuuzi. Nikajiambia tena. Kisha nikauma ukingo wa kitenge, nikavuta, kikapasuka katikati kwa sauti iliyomtoa Marlène nje.

"Mama yangu eko wapi?"

"Eko nyuma. Anakuya na bakuku babili."

Nilisema kama mtu anayejua, nikampa vipande vyote viwili. Usiku ule sikupata usingizi.

Jumapili saa nne waimbaji walikuwa wamechoka. Wakwe wakasema basi, mtu mwingine awavushe watoto. Marlène akakataa, akaanza kulia. Mimi nilikuwa barabarani tangu alfajiri, nachungulia kila pikipiki, naenda hapa, narudi pale, mpaka muuza mikate akaniuliza kama naumwa. Hatimaye ikaja moja imejaa vumbi, na nyuma ya dereva Mama Adèle, kuku mmoja kila kwapa.

Hakunisalimu. Alinawa mikono, akaingia ndani. Alipovuka kizingiti kuja nje na watoto mikononi, vigelegele vikapasuka, na kila mtoto alikuwa amefunikwa kipande cha kitenge. Akaangalia kipande hiki, akaangalia kile.

"Kitenge yangu! Nani amepasula?"

"Ni mi, mama."

Kisha akanisogelea, akaniwekea Kabange mkononi. Nilikuwa naanza kutabasamu aliponinyooshea na Kyungu.

"Na ule, mwalimu," akasema. "Shika bote."