Nukta za Nafuna

Nafuna alipopata pasipoti, mtaa wetu wote wa Gitothua, hapa Ruiru, ukawa na wataalamu wa China. Watu ambao safari yao ndefu zaidi ni kwenda Thika kununua kiatu walimwambia abebe unga, abebe pilipili, asile nyama asiyoiona ikichinjwa. Mimi Emmah, ninayeuza chai na chapati mkabala na banda lake la kuchomelea mageti, sikubaki nyuma. Nilimwambia abebe majani ya chai. Ndiyo, aende nayo China. Sote tulikuwa tumechanganyikiwa.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kinyanjui, mwenye hadiwea, lile duka kubwa la vifaa vya ujenzi la Ruiru. Alikuwa ameamua kujenga kumbi mbili za michezo, moja Gatongora, hapahapa Ruiru, na nyingine Thika, ili vijana wacheze voliboli na basketiboli hata mvua ikinyesha. Alizinunua zikiwa vyuma vitupu kutoka kiwanda kimoja huko China. Kiwanda kikamwambia: tuletee fundi, tusimamishe kumbi zote mbili hapa uwanjani kwetu akiona, kisha tuzifungue, tuzipakie. Waliomba fundi mmoja. Kinyanjui akaunda ujumbe. Alikwenda yeye, mkewe, mpwa wake Mugo mwenye diploma ya usimamizi wa kitu fulani, na mchungaji wa kuombea vyuma. Mwishoni, kwa kuwa kiwanda kilisisitiza kumwona mtu aliyewahi kushika nyundo, wakamwongeza Nafuna.

Nafuna ni Mbukusu, mama yake Maxine, ana miaka arobaini na mitatu, na amechomelea vyuma hapa kwa miaka kumi na sita. Katika miaka hiyo yote sijaona mteja mgeni aliyefika bandani asiulize, "Fundi yuko wapi?" Anauliza hivyo Nafuna akiwa amesimama mbele yake na miwani ya kuchomelea usoni. Ndiyo maana maneno ya Kinyanjui yalimwingia. Aliyasema kwenye benchi langu, akinywa chai yangu.

"Mama Maxine, ukitoka huko, wewe ndio foreman. Ya Ruiru utasimamisha, halafu ya Thika ni yako kabisa."

Nafuna alicheka kama msichana. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka hivyo.

Huko China, ujumbe ulifika kiwandani siku ya kwanza, ukavaa helmeti, ukapigwa picha, ukatoweka madukani. Mchungaji alirudi na suti nne. Nafuna alibaki uwanjani siku tisa na msimamizi wa pale, mzee mmoja aitwaye Liu, wakielewana kwa mikono. Kumbi zikasimama, moja baada ya nyingine, na kila chuma kikabandikwa karatasi yenye namba ili siku ya kuziunganisha tena ijulikane kipi kinakaa wapi.

Nafuna alizitazama zile karatasi, roho ikakataa. Gitothua tumeshajifunza. Geti likitoka bandani vipandevipande, chaki inafutika njiani, na mteja hangoji lifungwe ndipo apake rangi. Kwa hiyo mafundi wetu hutumia panchi, kile kichuma chenye ncha ambacho ukikigonga kwa nyundo kinaacha kitundu kidogo. Vitundu hivyo ndivyo nukta zetu, na kila fundi ana mpangilio wake. Nafuna akachukua panchi yake mkobani, akaanza kugonga. Chuma kwa chuma, ncha zote mbili, mamia ya vyuma.

Liu alimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili alimletea nyundo nzito zaidi na kigoda. Mugo ndiye hakucheka.

"Aunty, unaharibu mali ya mdosi. Hizi vitu si ziko na sticker?"

"Sticker ni karatasi, Mugo."

"Hii ni China, aunty. Si Gitothua."

Akaenda zake kutafuta viatu.

Makontena yote mawili yalifunguliwa Gatongora. Wakati huo Mheshimiwa alikuwa amekubali kuja kuweka jiwe la msingi, na nchi hii Mheshimiwa akija, kila kisichotembea hupakwa rangi. Mawe ya barabarani yalipakwa nyeupe. Miti ikapakwa nyeupe mpaka kiunoni. Mugo, akiwa ndani ya helmeti nyeupe ya msimamizi, akavitazama vile vyuma, akaona karatasi zake zinafanana na vitambulisho vya bei vya mitumba. Akaamuru zibanduliwe zote. Vya Ruiru vikapakwa buluu, vya Thika kijani, mikono miwili ya rangi, ving'ae.

Na Nafuna alikuwa wapi? Alikuwa bandani, akichomelea geti la uwanja huohuo. Aliambiwa foreman ataitwa wageni wakishaondoka. Mheshimiwa akaja, akaweka jiwe, akala, akaenda.

Kazi ilianza Jumanne. Mchoro ulisema nguzo ya kumi na nne ikutane na boriti ya sitini na tatu. Vyuma vyenyewe havikusema kitu, vilikuwa buluu tu. Walijaribu siku nne. Walipoinua boriti ikapungua shubiri, na walipoileta nyingine ikazidi mkono. Wakatafuta picha kwenye simu ya Mugo, na picha zilikuwepo nyingi: Mugo na helmeti, Mugo na mchungaji, Mugo na bata aliyekaushwa. Kiwanda kikajibu kwamba kinaweza kutuma mtu baada ya miezi miwili. Mashindano ya shule yalikuwa wiki tatu mbele, na mabango yenye uso wa Kinyanjui yalishatundikwa.

Jumamosi wakamkumbuka Nafuna.

Nilimshika mkono kabla hajapanda pikipiki. "Usiende bila barua, Nafuna. Andikiwa kwanza."

"Emmah, mtu mzima aliongea mbele yako. Atayarukaje maneno yake?"

Miaka kumi na sita katikati ya wanaume wa Gitothua, na bado aliamini mtu mzima! Nilikasirika mpaka nikaunguza chapati.

Alifika, akavua glovu, akapitisha kidole gumba kwenye ncha ya nguzo. Chini ya ile rangi nukta zilikuwepo. "Hii ni ya nyuma, ya tatu kutoka kwa mlango," akasema. "Inueni." Wakainua, ikakaa. Kwa siku kumi na mbili alitembea akipapasa vyuma kama mtu anayechagua maembe sokoni, na ukumbi ukasimama.

Siku ya ufunguzi niliitwa kuwapa wageni chai, kwa hiyo niliyasikia kwa masikio yangu. Kinyanjui alishika maikrofoni.

"Wachina ni watu wa akili. Waliweka nukta kwa chuma, hata ukipaka rangi unasoma na kidole! Hiyo ndiyo technology tuliendea!"

Makofi. Akamshukuru mkewe kwa uvumilivu. Akamshukuru mchungaji kwa maombi. "Na foreman wetu, Mugo, ambaye sasa anaenda kutusimamishia ya Thika!" Makofi tena. Nafuna alikuwa amesimama nyuma karibu na vyoo, na gauni lake la kanisani. Nilikuwa na birika la moto mkononi, na Mungu anajua nilipotaka kulimwaga.

Nafuna akaenda zake. Kesho yake alikuwa bandani akichomelea dirisha.

Mugo alikwenda Thika akiamini atahesabu nukta, basi. Alihesabu. Kwa wiki nzima alihesabu, na mlango ukatokea upande wa choo. Ndipo akaja Gitothua, helmeti kichwani.

"Aunty, niaje. Nisaidie na ile key ya dots."

"Hizo si za Wachina?" Nafuna hakuinua hata miwani. "Boss alitangaza. Waulizeni."

Siku mbili baadaye akaja Kinyanjui mwenyewe, Mugo akimfuata. Akaketi kwenye benchi langu, lilelile.

"Mama Maxine, hii ni mambo ya nyumbani. Tusaidiane tu."

"Barua," Nafuna akasema.

Kinyanjui ni mfanyabiashara, hakuja mikono mitupu. Akatoa bahasha yenye mhuri wa hadiwea. Nafuna akaisoma bila kufuta mikono, vidole vikaacha alama nyeusi pembeni. Kisha akamrudishia.

"Isome."

"Si umeshasoma?"

"Ile ya Wachina uliisema na maikrofoni. Hii isome na mdomo tu. Watu wako hapa wanatosha."

Walitosha. Mafundi wa mabanda yote ya karibu walikuwa wamezima mashine, na sijawahi kusikia Gitothua ikinyamaza hivyo mchana. Kinyanjui akanitazama, labda akitumaini nitasema kitu. Nilimmiminia chai.

Akasoma. Jina la Nafuna lote, na kwamba ndiye msimamizi mkuu wa ujenzi wa ukumbi wa Thika, kuanzia siku hiyo hadi kukamilika. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini akafika mwisho. Mugo alikuwa ameshavua helmeti, akaiweka juu ya benchi taratibu.

"Na nukta ni za nani?" Nafuna akauliza.

Kinyanjui akakunja barua. Akaikunjua. Mtu mmoja huko nyuma akakohoa.

"Ni zako, fundi."

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nafuna hakulia. Alichukua barua, akaiingiza kifuani, akavaa glovu. Thika ingengoja hadi kesho, kwa sababu kulikuwa na dirisha la mteja aliyeahidiwa saa nane.